Makontena Hupogolewa, Hayasafishwi

Faharasa moja ya istilahi za kompyuta iliyonifikia hivi karibuni imeitafsiri amri ya docker system prune kwa maneno matatu: "usafishaji wa mfumo". Walioiandaa sitawataja. Wanajijua, na baadhi yao walikuwepo mezani siku pendekezo langu la pogoa lilipokataliwa kwa hoja moja tu, kwamba ni neno la shambani. Nilinyamaza wakati ule. Sasa faharasa imeanza kufundishiwa vijana, na kunyamaza tena kutakuwa ni kuridhia kosa.

Kila anayejenga programu kwenye kompyuta yake kwa Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya makontena, anajua diski inavyoliwa. Ukijenga upya imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutokana nacho, kwa jina lilelile, ile ya zamani hunyang'anywa jina na kubaki ikiandikwa <none>. Makontena yaliyosimama hayaondoki yenyewe. Kashe ya ujenzi nayo hurundikana kimyakimya. Amri za prune ziliingizwa katika toleo la 1.13, Januari 2017. Kabla ya hapo mtu aliunganisha docker ps na docker rm kwa mkono. Waliochagua jina hilo, ambalo kwa Kiingereza ni kukata matawi, hawakuliokota tu. Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, ilikuwa nayo prune yake miaka mingi kabla, na kotekote maana ni ileile: kukata kilichokwisha kazi ili kilicho hai kipate nafasi.

Sasa tazama safisha. Shina lake ni safi, neno la Kiarabu tulilolipokea zamani, nasi tukalivika -sha ya kusababisha. Kusafisha ni kukifanya kitu kiwe safi, na sharti la kwanza ni kwamba kitu chenyewe kibaki. Sahani ikisafishwa hubaki sahani. Jeraha likisafishwa, mgonjwa haondoki bila mguu. Amri ya prune haiondoi uchafu juu ya kontena. Inaliondoa kontena lenyewe, pamoja na kila faili iliyoandikwa ndani yake, nje ya volumu, wakati linatembea. Na kontena hilo halikuwa chafu hata kidogo. Lilikuwa limesimama tu, na docker start ingeliamsha wakati wowote.

Najua madhara ya neno hilo kwa sababu nimeyaona. Kijana mmoja ninayemfundisha alikuwa ameendesha hifadhidata ya Postgres bila kuipa jina volumu yake, yaani hifadhi ya data inayokaa nje ya kontena. Docker, kama kawaida yake, ikaitengenezea volumu isiyo na jina. Diski ikajaa. Akalisimamisha kontena, akafungua faharasa, akasoma "usafishaji", akaandika docker system prune --volumes. Kompyuta ikamwonya kwa Kiingereza, ikamworodheshea vitakavyoondoka, ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu y. Nani huogopa kusafisha? Kontena likaenda kwanza, volumu ikabaki haina mwenyewe, nayo ikaenda. "Mwalimu, mbona nimesafisha tu?" aliniuliza, na sikuwa na la kumlaumu. Angesoma "kupogoa" angejua kwamba panga limeshikwa, na angeuliza kwanza ni tawi gani linakatwa.

Hapo ndipo nguvu ya neno ilipo. Kamusi zetu zinalijua pogoa kwa maana ya kukata matawi ya mti, na mabwana shamba wanalitumia hadi leo, wengine wakisema pogolea. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa. Mbuni huzaa kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Tawi lililokwisha kuzaa linakunywa maji na kuziba mwanga, hivyo baada ya mavuno hukatwa, na machipukizi yasiyotakiwa hukatwa nayo. Shina haliguswi. Tawi lililokatwa halikuwa gugu wala ugonjwa. Lilikuwa la mti uleule, na jana lilikuwa na faida.

Sarufi nayo inalishuhudia. Pogoa ni la ukoo wa vitenzi vinavyoishia kwa -ua na -oa, kauli ya kutendua: funga ikazaa fungua, ziba ikazaa zibua, choma ikazaa chomoa. Penye o katika mzizi, kiambishi nacho huwa -oa, na ndivyo tulivyopata bomoa, chopoa, nyofoa. Vingine vimepoteza wenzao wa kutenda, lakini maana ya kukitoa kitu mahali kiliposhika bado inasikika katika vingi. Kitenzi cha namna hii kinapoanza kunyambuliwa, l iliyomezwa zamani hurudi: pogolewa, pogolea, kama toa inavyorudisha yake katika tolewa na tolea. Kwa hiyo tunapata bure imeji iliyopogolewa, kontena lisilopogoleka kwa kuwa bado linatembea, upogoaji wa kashe, na mpogoaji. Mniambie "usafishaji wa mfumo" umezaa nini.

Na tusisahau pakua. Imeji huingia kwenye diski kwa kupakuliwa, na leo hakuna anayelishangaa neno hilo. Kabla ya intaneti pakua ilikuwa ni ya shehena bandarini na ya wali chunguni. Hakuna kamati iliyolikataa kwa kuwa ni neno la jikoni. Lina -ua ileile ya kutendua, likitokana na pakia. Imeji iliyoingia kwa kupakuliwa na itoke kwa kupogolewa. Lugha yenyewe imezipanga amri hizi mbili pamoja, sisi kazi yetu ni kuona.

Wako wanaopendelea palilia, na hao nawaheshimu kuliko wa safisha, maana angalau wameingia shambani. Lakini kinachopaliliwa ni gugu, mgeni aliyejiotea. Kontena lako ulilianzisha mwenyewe. Fyeka ni kali mno. Haibakizi kitu, ilhali amri hii haigusi kontena linalotembea wala imeji inayotumiwa nalo. Futa tayari lina kazi: ni la kuondoa kitu kimoja ulichokitaja kwa jina, na tukilitwika hili pia tutapoteza tofauti kati ya docker rm na docker container prune. 

Matumizi yenyewe ni mafupi. Anza na docker system df uone kinachoweza kukombolewa. Docker system prune hupogoa makontena yaliyosimama, mitandao isiyotumika, imeji zisizo na jina zisizotumiwa, na kashe isiyotumika. Ukiongeza -a, hupogoa kila imeji isiyo na kontena. Volumu haziguswi mpaka uandike --volumes, na tangu toleo la 23, la mwaka 2023, hata hapo huondoka zile zisizo na jina tu. Kwa hiyo ipe jina kila volumu yenye data unayoihitaji. Kwenye Windows faili ya diski pepe ambamo Docker huhifadhi vitu vyake inaweza isipungue hata baada ya kupogoa. Faili hiyo hubanwa kwa hatua yake ya pekee.

Wahariri wa faharasa, toleo la pili bado halijachapwa. Ondoeni "usafishaji wa mfumo" mwandike kupogoa. Nanyi walimu wa vyuo, msingoje kamati: liandikeni ubaoni kesho, wanafunzi watalielewa bila maelezo, hasa waliokulia kwenye kahawa.