Guka Yumo Kitabuni: Kusoma Rejista za Zamani za Ubatizo



Tangu maandalizi ya jubilei yaanze, familia nyingi zimefika ofisini kutafuta majina ya wazee wao katika vitabu vya zamani vya ubatizo. Baadhi zilirudi nyumbani zikisema, "Guka hayumo." Mara nyingi guka yumo, ila jina lake liliandikwa vingine, au lilinakiliwa vibaya miaka mingi baadaye.

Vitabu hivyo vina historia yake. Wamisionari wa Konsolata, kutoka Italia, walifika Tuthu, Murang'a, mwezi wa Juni 1902, wakapokelewa na Karuri wa Gakure. Kanisa lilikuwa limeagiza tangu Mtaguso wa Trento, karne ya 16, kwamba ubatizo na ndoa ziandikwe kitabuni. Basi padre aliketi na kalamu: akasikia Kikuyu, akafikiri kwa Kiitaliano, akaandika kwa Kilatini. Lugha tatu katika mstari mmoja!

Kikuyu kina irabu saba, na herufi za Kilatini ni tano tu. Leo tunaweka alama juu ya ĩ na ũ. Kabla ya hapo kila mwandishi alifuata sikio lake, na sikio la mgeni husikia ũ kama o. Ndiyo maana Kariũki anaweza kuwa Karioki, na Wanjirũ akawa Wanjiro. Tena kwa Mwitaliano "ch" husomwa "k", kwa hiyo hata herufi tunazozijua zinaweza kutupoteza. Anayefuata orodha ya herufi kwa macho atampita babu yake mara tatu. Someni majina kwa sauti. Wanakwaya mna masikio ya kazi hii kuliko sisi wengine.

Hayo ni makosa ya aliyeandika mara ya kwanza. Ya mnakili ni mabaya zaidi, kwa maana yeye alikuwa na karatasi iliyochakaa na wino uliofifia, wala hakuwa na mzee wa kumwuliza. Herufi u na n za mkono hufanana, 1 na 7 vilevile. Kilatini nacho kina mitego. "Filius Josephi" maana yake ni mwana wa Yosefu, lakini asiyejua huandika kwamba baba aliitwa Josephi, na familia ikaanza kumtafuta mtu ambaye hakuwako. "Patrinus" ni msimamizi wa ubatizo. Akinakiliwa katika safu ya mzazi, mtoto amepata baba mwingine.

Neno dogo linaloniumiza zaidi ni "circa", yaani takriban. Mtu mzima alipobatizwa, padre alikisia umri wake na kuandika "circa 1885". Mnakili akiliacha neno hilo, makisio yanageuka kuwa ukweli, kisha yanachongwa kwenye jiwe la kaburi.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kabisa. Kwa desturi ya Agĩkũyũ, mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Kamau wa Njoroge akimzaa Njoroge wa Kamau, mjukuu naye ataitwa Kamau wa Njoroge. Mnakili akigeuza majina hayo mawili, hakuna atakayeshtuka, kwa maana yote mawili ni ya nyumba ile ile. Lakini baba amekuwa mwana, na kizazi kizima kimefutika. Nimeona ndugu wakibishana juu ya jambo kama hilo, kila mmoja ana karatasi yake mkononi, na suala lenyewe ni nani alikuwa mkubwa na shamba lilitoka kwa nani. Kadi ya ubatizo si kitu cha kuchezea katika nchi ambayo uandikishaji wa lazima wa vizazi ulichelewa kuwafikia Waafrika wengi.

Kwa hiyo msiridhike na nakala iliyopigwa chapa. Ombeni kuona kitabu cha kwanza, na mtazame pembeni mwa ukurasa. Tangu Pasaka ya 1908, kwa agizo la Papa Pius X, ndoa ya mwamini huandikwa pia karibu na ubatizo wake, na wanaonakili safu tu huyaacha maandishi hayo ya pembeni. Kisha linganisheni na kitabu cha kipaimara na cha ndoa: jina la kigango, jina la msimamizi, namba ya ubatizo. Vitabu viwili vikikubaliana juu ya msimamizi na kigango, tofauti ya herufi moja isiwatishe.

Tafadhali msisahihishe kitabu kwa kalamu yenu, hata kama mna hakika. Mwambieni padre, naye ataandika pembeni inavyotakiwa, na yale ya zamani yabaki yalivyo. Wazee wetu wenye kadi za kale, hata zilizochanika, wazilete ofisini baada ya Misa, zilinganishwe na rejista wakati bado wapo wa kutueleza.

Katika orodha ya waimbaji waanzilishi wa kwaya, tumeacha tahajia ya kitabuni, na kando yake tahajia ambayo familia yenyewe hutumia. Anayemtambua mtu wake kwa jina la tatu aje atuambie.