Kuriseti kompyuta ya injini

Kuriseti kompyuta ya injini ni kufuta marekebisho ambayo kompyuta ya gari imejiwekea kutokana na mwendo wa kila siku, ili ianze kujifunza upya kutoka kwenye vipimo vya kiwandani. Katika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Meru, Embu na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, madereva hufanya hivyo nyumbani hasa gari la otomatiki linapochelewa kubadilisha gia, linaposhtuka gia ikiingia, au linapokosa nguvu kwenye mwinuko. Mara nyingi kazi yenyewe huhitaji spana namba 10 tu. Faida yake hutegemea chanzo cha tatizo: kuriseti huondoa kumbukumbu zilizopitwa na wakati, lakini hakuongezi oili iliyopungua wala hakurudishi klachi iliyolika.

Kompyuta hujifunza nini

Katika injini ya petroli ya kisasa, sensa hupima hewa inayoingia, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huangalia mchomo, na kompyuta huongeza au kupunguza mafuta. Marekebisho yanayojirudia huyahifadhi. Hukumbuka pia throto inapaswa kufunguka kiasi gani ili injini isizime gari likiwa limesimama.

Upande wa giaboksi, valvu za umeme huelekeza oili yenye shinikizo kwenye klachi za ndani. Klachi zinapoendelea kulika, kompyuta hubadilisha shinikizo hilo ili gia ishike bila kishindo. Katika magari mengi ya Toyota, kompyuta moja husimamia injini na giaboksi. Magari mengi ya Nissan yenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) yana kompyuta ya pili kwa ajili ya giaboksi, kwa hiyo kufuta kumbukumbu za injini peke yake huenda kusiguse gia.

Mfano ulio wazi zaidi ni throto iliyojaa masizi. Masizi yanapoziba njia ya hewa kidogo kidogo, kompyuta hufidia kwa kuifungua throto zaidi. Fundi akiisafisha, kompyuta bado huifungua kwa kipimo cha zamani. Injini hunguruma juu gari likiwa limesimama, na dereva akiweka D gari linaruka mbele. Hapo kuriseti kunafaa, kwa sababu kilichobaki kibaya ni kumbukumbu peke yake.

Hewa na miinuko ya Mlima Kenya

Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki takriban mita 1,900. Kwenye kimo cha Nanyuki, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na Mombasa, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Dereva anayepanda kutoka Sagana kwenda Karatina hukanyaga mafuta zaidi, na kompyuta hujibu kwa kushikilia gia ya chini kwa muda mrefu. Hiyo si hitilafu. Sensa husoma hewa papo hapo, na hakuna kumbukumbu ambayo ikifutwa itairudishia injini hewa ya pwani.

Magari mengi ya eneo hili ni mitumba kutoka Japani: Probox, Fielder, Axio, Note, Demio, Forester. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na kwa sababu ya bei mengi huingia yakiwa yamekaribia umri huo. Kisha huanza kazi nzito ya kupanda milima yakiwa na abiria na mizigo. Katika hali hiyo oili ya giaboksi hupata joto na kuchoka mapema, na dalili zake hufanana sana na zile zinazosingiziwa kompyuta.

Utaratibu

Kwanza, soma namba za makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta. Soketi yenye pini 16 iko chini ya dashibodi, upande wa usukani. Kifaa kidogo cha kusomea makosa cha ELM327 kilichounganishwa na simu husoma makosa mengi ya injini. Ya giaboksi mara nyingi huhitaji mashine kamili ya fundi. Andika kila namba kabla ya kufuta chochote.

Pili, ikague redio. Redio nyingi za Toyota kutoka Japani, zikikosa umeme, hudai kadi ya ramani au namba ya siri, na bila hiyo hubaki zimefungwa.

Tatu, egesha mahali tambarare, zima kila kitu, toa ufunguo, kisha fungua terminali hasi ya betri. Usianze na chanya: spana ikigusa bodi hutoa cheche kali. Subiri dakika 15 hadi 30, kisha rudisha terminali na kuikaza. Katika magari mengi ya Toyota, kuchomoa fyuzi ya EFI hufanya kazi hiyo hiyo. Magari mengine mapya huhifadhi kumbukumbu bila kutegemea betri, na hayo hufutwa kwa mashine tu. Kwenye gari la haibridi, usiguse kamwe nyaya za rangi ya chungwa.

Nne, washa injini bila kukanyaga mafuta, iache ipate moto kwa dakika kama 10, kisha washa AC na taa. Magari mengi ya Nissan huhitaji pia throto ifundishwe kwa utaratibu wake maalumu, la sivyo injini hunguruma juu au huzima.

Kujifunza upya

Safari za kwanza gia zinaweza kuwa mbaya kuliko awali. Endesha kwa upole, ukichanganya barabara za aina mbalimbali: mwendo wa kutulia kati ya Kiganjo na Naro Moru, misongamano ya mjini, na miinuko ya Othaya. Kompyuta inayofundishwa kwa kukanyagwa kwa nguvu hujiwekea vipimo vya mwendo huo.

Mipaka na tahadhari

Kuriseti kunasaidia baada ya matengenezo: throto ikisafishwa, sensa ikibadilishwa, au oili sahihi ikiwekwa. Hakusaidii gia zinazoteleza, oili inayonuka kuungua, au CVT inayovuma na kutetemeka. Oili isiyo sahihi ni kosa la kawaida: CVT za Nissan hutumia NS-2 au NS-3, za Toyota TC au FE, na hakuna kati ya hizo inayoweza kubadilishwa na oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki (ATF). Giaboksi ya mtumba ya CVT ya Nissan huwa na data zake za vipimo zinazopaswa kuingizwa kwenye kompyuta. Kuchomoa betri hakuziingizi.

Hatari kubwa zaidi ni kupoteza ushahidi. Taa ya injini huzimika, mwenye gari huridhika, na kasoro huendelea kuharibu giaboksi hadi namba ya kosa irudi. Wapo pia wanaofuta makosa ili wauze gari. Mnunuzi anaweza kuwabaini kwa kutumia kifaa cha kusomea makosa: gari lililofutwa karibuni huonyesha kwamba vipimo vyake vya ndani havijakamilika.

Mwenye gari linalosumbua gia aanze na oili, asome makosa, asafishe throto na kukagua betri. Akishatengeneza kilichoharibika, ndipo achukue spana namba 10.