Mazoezi makali hupimwa kwa moyo wa mwenyewe, si kwa uzito wa jirani

MAZOEZI makali ya muda mfupi, ambayo zamani yalikuwa ya wanariadha na askari, siku hizi yanafanywa na watu wa kila aina: makarani, akina mama, wastaafu na vijana wanaotazama video katika simu zao. Hata mkazi wa Kiunga, mji wa Wabajuni ulio kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, anaweza leo kuiona programu iliyotungwa kwa ajili ya vijana wa California na kuifuata mchangani jioni hiyo hiyo.

Tatizo huanzia hapo. Programu hiyo imeandikwa kwa kilo, kwa mita na kwa idadi ya marudio. Aliyeitunga hakuuliza umri wa anayeisoma, joto la mahali alipo, aina ya ardhi anayokanyaga, wala umbali uliopo kati yake na hospitali. Makala haya yanaeleza jinsi mazoezi ya aina hii yanavyokadiriwa ili yamfae kila mtu bila kupoteza makali yake.

Neno kukadiria limechaguliwa kwa makusudi. Wakufunzi wengi husema "kupunguza mazoezi", na mtu akiambiwa apunguze huona ameaibishwa mbele ya wenzake, kwa hivyo hukataa. Lakini fundi cherehani anayemshonea mtoto kanzu hasemi kwamba ameipunguza kanzu ya baba yake. Amekata nguo kwa kadiri ya mvaaji. Ndivyo ilivyo katika mazoezi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuisema. Ukali wa zoezi si uzito unaoinuliwa wala kasi inayoonekana kwa macho. Ukali ni sehemu ya uwezo wa mtu inayotumika wakati huo. Kijana anayepanda ngazi mbio na mzee anayeipanda ngazi hiyo hiyo polepole huenda wote wawili wanatumia asilimia 85 ya uwezo wao, na hapo wote wanafanya mazoezi makali.

Ushahidi wa jambo hili upo katika utafiti unaotajwa mno na wapenzi wa mazoezi, ule wa Profesa Izumi Tabata wa Japani uliochapishwa mwaka 1996. Utaratibu alioupima ulikuwa ukitumiwa na timu ya taifa ya Japani ya mbio za kuteleza kwenye barafu: sekunde 20 za kukanyaga baiskeli kwa nguvu nyingi, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Watu wameikariri hesabu ya 20 kwa 10 na kusahau jambo lililo muhimu zaidi. Katika maabara ile, mzigo wa baiskeli ulipangwa kwa kila mwanafunzi peke yake baada ya kupimwa uwezo wake wa kutumia oksijeni, na aliyeweza kupita duru tisa ndiye aliyeongezewa mzigo, tena wati 11 tu. Kwa maneno mengine, mazoezi hayo yalikuwa yamekadiriwa tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2007, watafiti wa Norway wakiongozwa na Ulrik Wisløff walikwenda mbali zaidi. Waliwachukua wagonjwa 27 wenye moyo dhaifu, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 75 hivi, na kuwagawa makundi. Waliopewa mazoezi makali walitembea kwenye mashine yenye mwinuko kwa dakika nne, mapigo ya moyo yakifika asilimia 90 hadi 95 ya kilele chao, kisha wakapunguza mwendo kwa dakika tatu, wakarudia mara nne. Hao ndio waliopata nafuu kubwa kuliko waliokwenda mwendo wa wastani. Msomaji asikimbilie kumwamsha babu yake alfajiri kwa sababu ya habari hii. Wagonjwa wale walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Hata hivyo, wazee waliokuwa wakitembea tu walikuwa katika mazoezi makali kwelikweli.

Mfano wa upande wa pili unatoka Marekani, katika mfumo wa CrossFit ulioanzishwa na Greg Glassman na ambao kampuni yake iliundwa mwaka 2000. Miongoni mwa mazoezi yake mashuhuri ni lile liitwalo Fran. Mtu huchuchumaa akiwa na chuma mabegani, huinuka na kukisukuma juu ya kichwa mara 21, kisha hujivuta kwenye mwimo mara 21. Halafu mara 15 kwa 15, na mwisho tisa kwa tisa. Uzito ulioandikwa ni kilo 43 kwa wanaume na karibu kilo 30 kwa wanawake. Mabingwa hulimaliza chini ya dakika tatu.

Sasa mchukue kijana aliyeanza mazoezi mwezi uliopita, ambaye anaona haya kushika chuma chepesi. Anainua mara nne, anakitua, anashika kiuno, anapumzika, anarudia. Anamaliza kwa dakika 25. Chuma alichokitumia ni kile kile cha bingwa, lakini hakufanya zoezi lile. Lengo la Fran ni pumzi kukatika kwa dakika chache mfululizo. Yeye amepata robo saa na ushei ya kunyanyua mzigo uliomzidi, mgongo ukiwa umepinda. Angeshika kilo 15 na kujivuta huku miguu ikigusa kisanduku, angemaliza kwa dakika tano au sita akiwa hoi, na hapo ndipo angekuwa amefanya alichofanya bingwa. Mwiga tembo hupasuka msamba, na mara nyingi hata huo mwendo wa tembo wenyewe haupati.

Katika Kenya hii, wakimbiaji wa Iten wanaijua kanuni hiyo, ijapokuwa hawaipi jina. Kundi kubwa hukutana kwa mazoezi ya fartlek, mtindo uliobuniwa na Msweden Gösta Holmér katika miaka ya 1930, na wengi wao hufuata dakika moja ya kasi na dakika moja ya mwendo wa pole. Anayeongoza ni saa, si umbali. Bingwa wa dunia na kijana asiyejulikana huanza pamoja, huongeza kasi pamoja na kupumzika pamoja. Mmoja atakuwa amekwenda kilomita nyingi zaidi, lakini kila mmoja amefanya kazi kwa kiwango chake. Kupanga zoezi kwa muda badala ya umbali ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukadiria.

Mtu atajuaje kwamba amefika kwenye ukali unaotakiwa? Njia inayofahamika ni kutoa umri katika 220 ili kupata makadirio ya kilele cha mapigo ya moyo. Mpiga mbizi wa miaka 22 atapata 198, na nahodha mstaafu wa miaka 63 atapata 157. Asilimia 85 ya hesabu hizo ni mapigo 168 kwa kijana na 133 kwa mzee. Wakijihesabu mshipa wa mkononi kwa sekunde 15 mara wanaposimama, kijana atatafuta mapigo 42 na mzee 33.

Lakini hesabu hiyo ni ya wastani wa watu wengi na yaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi kwa mtu mmoja. Mwaka 2001, Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza hesabu nyingine, 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwa nahodha wetu inatoa 164 badala ya 157. Isitoshe, zipo dawa za shinikizo la damu zinazouzuia moyo kwenda mbio, na anayezitumia hawezi kutegemea mapigo hata kidogo.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha hisia hakifai kudharauliwa. Mtaalamu wa Sweden, Gunnar Borg, aliunda ngazi ya kuanzia 6 hadi 20, ambamo mtu hujitajia mwenyewe jinsi anavyoona uzito wa kazi. Wengi leo hutumia ngazi ya 0 hadi 10, na mazoezi makali huwa kwenye 7 au 8. Kipimo kilicho rahisi zaidi ni ulimi: anayeweza kusimulia kisa kizima bado hajafika, anayeweza kusema maneno mawili matatu kisha akavuta pumzi amefika, asiyeweza kujibu salamu amepita.

Kiunga ina mambo yake yanayobadilisha hesabu zote hizi. La kwanza ni mchanga. Utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kutembea kwenye mchanga tifutifu hugharimu nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea kwenye ardhi ngumu, na kukimbia hugharimu mara 1.6. Kwa hivyo aliyeandikiwa mbio za mita 200 kwenye uwanja, akizikimbia mchangani, amejiongezea zoezi zaidi ya nusu bila kujua. Maji yakipwa, ule ukanda wa mchanga uliolowa na kushikana ni mwepesi zaidi kwa anayeanza. Anayetaka ugumu apande juu, kwenye mchanga mkavu.

La pili ni joto na unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ya pwani iliyojaa unyevu hulizuia lisikauke. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja, kwa hivyo mapigo hupanda ingawa kazi ni ile ile. Mwili wa mgeni huhitaji siku saba hadi 14 kulizoea joto. Mwalimu au askari aliyehamishwa kutoka bara asianze na programu aliyokuwa akiifanya Nyeri. Aanze na nusu yake, alfajiri au baada ya jua kupungua makali.

La tatu ni msimu, na hili wengi hawalifikirii. Wavuvi wa kamba wakubwa wa miambani huzamia kwa pumzi zao wenyewe, na kazi hiyo hushika kasi wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Kusi ikivuma, bahari huchafuka na wengi hukaa pwani kwa miezi. Uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka katika wiki chache tu za kukaa bure. Mpiga mbizi anayerudi mwezi wa Novemba akidhani bado ni yule wa Machi anajidanganya, na baharini hakuna pa kuketi. Wiki tatu au nne za mazoezi yaliyokadiriwa kabla ya msimu zingemsaidia. Mazoezi ya kuzuia pumzi, hata hivyo, yasichanganywe na haya, wala kufanywa majini na mtu aliye peke yake. Na desturi ya kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama iachwe, kwani huweza kumpotezea mtu fahamu chini ya maji bila dalili yoyote ya kumtahadharisha.

Tuchukue mfano wa kubuni wa watu watatu pwani, wakiwa na madumu ya maji badala ya vyuma. Dumu la lita 20 lina kilo 20, na mizani haihitajiki. Zoezi ni kubeba dumu, kuchuchumaa na kuinuka, kisha pushapu, kila moja kwa sekunde 30, mizunguko minne. Mpiga mbizi wa miaka 22 anabeba madumu mawili yaliyojaa, anachuchumaa hadi chini, anapiga pushapu mchangani na kupumzika sekunde 30 kati ya zoezi na zoezi. Mama wa miaka 40 anabeba madumu mawili ya lita 10, anapiga pushapu akiwa ameegemea ubavu wa mashua, na anapumzika sekunde 45. Akipenda faragha atayafanya uani kwake kwa kuegemea ukuta. Nahodha wa miaka 63, ambaye daktari amemruhusu, ana dumu moja la lita tano. Anaketi juu ya gogo na kuinuka, anausukuma ukuta akiwa wima, na kupumzika dakika moja na nusu. Wakimaliza, wote watatu wawe kwenye 7 au 8. Aliyefika 10 aondolewe maji katika dumu. Aliyebaki kwenye 5 aongezewe.

Hatari kubwa ya kutokadiria si maumivu ya kesho yake. Misuli iliyolazimishwa marudio mengi ambayo haikuyazoea, hasa kwenye joto, huweza kuvunjika na kumwaga ndani ya damu protini inayoziba figo. Dalili zake huonekana siku moja hadi tatu baadaye: maumivu yasiyo ya kawaida, kuvimba, mikono au miguu kulegea, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Wanaopatwa zaidi ni wanaoanza na wale waliorudi baada ya mapumziko marefu wakitaka kujionyesha. Mgonjwa wa namna hii huhitaji maji ya mishipani haraka. Mkazi wa Nairobi atachukua teksi. Kutoka Kiunga hadi Hospitali ya King Fahd katika mji wa Lamu ni safari ya saa nyingi, na wakati wa kusi bahari haimsubiri mgonjwa. Yeyote aonaye mkojo wa rangi hiyo asingoje asubuhi. Vivyo hivyo kwa anayeumwa kifua au anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka akiwa kwenye joto; huyu wa pili apelekwe kivulini na kumwagiwa maji mara moja, kabla hata ya kutafuta chombo cha kumsafirisha.

Wakati wa Ramadhani, kazi nzito iahirishwe hadi baada ya futari, chakula kikishatulia tumboni na maji yakirudi mwilini. Anayependa jua la alasiri afanye mwendo wa pole tu, karibu na magharibi.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Siku mbili au tatu za mazoezi makali zinatosha, pakiwa na siku ya mapumziko katikati. Mvuvi aliyevuta nyavu kutwa amekwisha kupata sehemu yake.

Uzito uongezwe pale tu mtu anapomaliza mizunguko yote akiwa chini ya 7 kwa siku mbili mfululizo. Chuma cha ukumbini huongezwa kwa kilo mbili au tano kwa mkupuo. Nahodha mwenye dumu lake anaweza kuongeza nusu lita.