Unataka kuzamia na mtungi Mbamba Bay? Soma hapa kabla hujapanda boti



Tangu lami ya Mbinga mpaka Mbamba Bay ikamilike, mtu anaweza kutoka Songea alfajiri, akaogelea ziwani, akala samaki na usiku akalala kwake. Raha tupu. Lakini kwa aliyezamia na mtungi, kurudi siku hiyo hiyo kunaweza kumlaza hospitali. Wageni wengi hawalijui hili, na vijana wetu wa kwenye boti pia. Haya sasa, twende hatua kwa hatua.

ZIWA LETU SI BAHARI

Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yametengenezwa kwa ajili ya baharini. PADI, chama kikubwa cha kufundisha uzamiaji, wanasema kuanzia mita 300 kwenda juu ni kuzamia sehemu ya mwinuko, na hesabu za kina na muda zinabadilika. Muulize kiongozi wako: "Umehesabu mwinuko wa hapa?" Akikushangaa, baki ufukweni.

Jambo lingine ni risasi za kiunoni. Maji yasiyo na chumvi yanakubeba kidogo kuliko ya bahari, hivyo unahitaji uzito mdogo. Ukivaa ule ule uliovaa Zanzibar utazama kama jiwe.

KABLA YA KUINGIA MAJINI

1. Kwenye mtungi kuna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Wengi husema ni oksijeni, si kweli.
2. Angalia geji mwenyewe. Mtungi uliojaa husoma kama baa 200. Kubalianeni mapema mtageuza kwenye baa ngapi, na uibuke ukiwa bado na kama baa 50.
3. Kama hujasoma kozi, ni siku ya kujaribu tu, mwisho wako ni mita 12. Mwenye cheti cha kwanza, mita 18. Usikubali kushawishiwa "twende chini kidogo tu".
4. Kati ya Mei na Agosti upepo wa Mwera huamsha mawimbi makubwa. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze.
5. Boti iwe na makoti ya kuokolea, oksijeni ya huduma ya kwanza na mtu anayebaki juu muda wote.

UKIWA CHINI

Sheria namba moja: USIBANE PUMZI. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni karibu mara mbili ya ule wa juu. Ukijaza mapafu pale halafu ukapanda umebana pumzi, hewa inatanuka karibu mara mbili na mapafu yanaweza kupasuka. Wanaoanza huumia hivi: mtu anaogopa kidogo, anakimbilia juu. Ukiogopa, simama, pumua taratibu, mshike mwenzako, mpe ishara kiongozi.

Kupanda ni polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika. Ukifika mita 5, tulia hapo dakika 3.

VIJANA WA BOTI, HESABUNI WATU

Tarehe 25 Januari 1998 huko Australia, boti ya wazamiaji iliondoka kwenye matumbawe ikiwaacha majini mume na mke kutoka Marekani, Tom na Eileen Lonergan. Hesabu ya watu ilikosewa. Ilichukua siku mbili ndipo ikagundulika hawapo, na hawakuonekana tena. Boti haikuharibika wala hapakuwa na dhoruba, ni kuhesabu tu. Kwa hiyo andika majina, ita mmoja mmoja, na kila mtu aitike mwenyewe. Asiitikiwe na rafiki yake. Na injini isiwashwe kama kuna mtu karibu na pangaboi.

BAADA YA KUZAMIA: MLIMA UNAKUSUBIRI

Ukiwa chini, naitrojeni ya kwenye hewa inaingia mwilini na hutoka taratibu baadaye. Ukipanda mwinuko mapema, inafanya mapovu kwenye damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa. Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, kuwashwa, hata kupooza.

Mbinga na Songea zote ziko juu ya mita 1,000. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kabla ya kupanda ndege usubiri angalau saa 12 kama umezamia mara moja, na saa 18 kama umezamia mara kadhaa. Kwa mlima wa Umatengo tumia hesabu hiyo hiyo. Lala Mbamba Bay, ondoka kesho.

Mtu akipata dalili, alale chini, apewe oksijeni, asirudishwe majini, na daktari apigiwe simu mara moja. Tatizo ni kwamba njia ya kwenda hospitali kubwa inapanda mlima ule ule, na kupanda kunaongeza ugonjwa. Ndiyo maana kwetu kinga ni muhimu kuliko kwa wenzetu wa pwani.

Nauli ya Coaster ya kesho ni ile ile ya leo, mdau. Subiri.

Mwenye nyongeza au swali atuandikie hapo chini. Na kama una ndugu anafanya kazi kwenye boti, mchapishie hii akaibandike.