Goma hatutupi kitu: historia ya Article 15 na mikono ya mafundi

Ukimwuliza mkaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira anaishi namna gani wakati kazi hakuna na mshahara hauji, atacheka kidogo kisha atajibu: Article 15. Maana yake, jitafutie, jitengenezee, usingoje mtu. Watoto wengi wanafikiri ni utani tu wa mtaani. Lakini neno hili lina historia, na historia yake inaanzia kwa watu waliokimbia. Ndiyo sababu inafaa kuisimulia sasa, wakati familia nyingi zinazotusikiliza zimehama mara mbili, mara tatu, na kila mara zimeanza upya na vitu vilivyokwisha kutumiwa na wengine.

Turudi mwaka 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni. Wiki chache baadaye, mwezi wa Agosti, Kasai ya Kusini ikajitangaza kuwa nchi yake, chini ya Albert Kalonji, na makao yake yakawa Bakwanga, mji tunaouita leo Mbuji-Mayi. Wakati huo maelfu kwa maelfu ya Waluba walikuwa wanafika huko, wamefukuzwa Luluabourg, yaani Kananga ya leo, na wengine wametoka Katanga. Walifika bila nyumba, bila shamba, bila jembe. Inasimuliwa kwamba walipoomba msaada kwa wakubwa, waliambiwa kuwa sasa wako kwao, basi wajitafutie. Watu wakaligeuza jibu hilo kuwa sheria ya mzaha: Kifungu cha 15, ambacho hakuna katiba iliyokiandika lakini kila mtu anakifuata. Nchi ya Kalonji ilikwisha mwaka 1962. Kifungu chake kimebaki, kikaenea Kongo nzima wakati wa Mobutu, na mwanamuziki Pépé Kallé akakiimba pamoja na lile neno la Kilingala, beta libanga, vunja mawe.

Tushike jambo moja hapo, maana tutalirudia: Article 15 ilikuwa jibu la wakubwa kwa wakimbizi. Kazi ya mikono iliyofuata ilikuwa ya wakimbizi wenyewe.

Na kazi hiyo ni ya zamani kuliko neno. Kabla ya wazungu, wahunzi wa Kivu walikuwa wanafua majembe, mikuki na visu. Chuma kilikuwa mali. Jembe lilihesabiwa hata katika mahari, pamoja na mbuzi. Jembe likichakaa halikutupwa: lilirudi motoni, likatoka jembe dogo ao kisu. Majembe ya viwanda yalipofika kutoka Ulaya, mhunzi alipoteza soko, lakini hakupoteza akili. Alipoona magari ya kwanza yanakufa kando ya barabara, alijua la kufanya. Chuma cha resori ya lori ni kigumu na kinashika makali, basi kikawa panga, jembe na shoka. Mpaka leo, panga nyingi katika vijiji vyetu zimetoka chini ya lori lililokufa zamani.

Mwaka 1973 ulileta shule nyingine. Tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza hatua za kuwanyang'anya wageni maduka, mashamba makubwa na biashara zao na kuwapa Wazairwa. Waliopewa wengi hawakuwa wafanyabiashara. Waliuza mali iliyokuwa dukani, wakala, wakafunga. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuanguka, na nchi ikakosa pesa za kigeni za kununulia vitu nje. Kwa mwenye lori hapa Kivu maana yake ilikuwa rahisi: pampu ikivunjika, hakuna pampu nyingine. Mpira ukipasuka, unashonwa. Hapo ndipo fundi wa mtaani alipokuwa mtu mkubwa. Lori moja lilikula malori mengine matatu ili liendelee kutembea.

Ni katika miaka hiyo ya 1970 ndipo chukudu ilipozaliwa katika Kivu ya Kaskazini. Wasioijua, chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, bila pedali, bila injini. Mbao za mikaratusi kwa mwili, mbao ngumu zaidi kwa magurudumu. Juu ya gurudumu la mbao fundi anapigilia ukanda wa mpira uliokatwa katika mpira mzee wa gari, ili mbao zisiliwe na mawe. Ndani ya gurudumu anaweka vyuma vya mzunguko vilivyotolewa katika magari mabovu. Nyuma kuna kipande cha mpira ambacho dereva anakikanyaga ili kupunguza mbio. Kwa hiyo tazama chukudu vizuri: ni msitu na gari bovu vimefunga ndoa. Inabeba mamia ya kilo. Wakulima wa Kibumba na Rugari waliteremka nayo mpaka Goma wakiwa na viazi, kabichi, kuni na makala, kisha wakapanda kwa miguu wakiisukuma. Wanaume wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa chukudu. Ndiyo maana mji umeiweka juu ya nguzo, katika mzunguko wa barabara unaoitwa kwa jina lake. Miji mingine inaweka majenerali juu ya nguzo. Sisi tumeweka chombo cha mkulima kilichotengenezwa na mabaki.

Miaka ya 1990 pesa yenyewe ikaharibika. Mwezi wa Septemba 1991 askari waliokosa mshahara waliiba na kubomoa maduka na viwanda, na raia wakafuata. Bei zikapanda mpaka serikali ikachapa noti ya zaire milioni 5, ambayo wauzaji wengi walikataa kuipokea. Wakati kama huo, sufuria yenye tundu haitupwi. Inapelekwa kwa fundi. Na ikishindikana kuzibwa, inapelekwa kwa fundi mwingine, yule wa kuyeyusha, anayechimba umbo katika udongo na mchanga, anamimina aluminiamu ya vipande vya injini na vyungu vilivyokufa, na kesho yake anatoa sufuria nzito ambayo mama atairithisha binti yake.

Kisha ikaja Julai 1994. Kwa siku chache tu, watu wapatao milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma na pembeni zake. Kolera iliua maelfu. Kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zikawa miji ya bashi. Pamoja na kifo kile, vitu vipya viliingia katika maisha yetu: bashi za plastiki za mashirika, na makopo ya chuma ya mafuta ya kula ya msaada. Mafuta yalikwisha, kopo likabaki. Likikatwa na kunyooshwa, lilikuwa mlango ao kipande cha paa. Likitobolewa kwa msumari, lilikuwa kikwaruzo cha mihogo. Likitiwa utambi, lilikuwa taa. Likitiwa udongo ndani na matundu chini, lilikuwa mbabula ya kupikia. Tangu hapo, kila kambi iliyofuata katika Kivu imekuwa na mafundi wa makopo, na wengi wao ni watu ambao kijijini walikuwa wakulima. Hakuna aliyewafundisha kwa ubao na chaki. Walitazama, wakajaribu.

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Moto wa mawe ulishuka mpaka katikati ya mji, ukapita, ukafika ziwani. Karibu watu 400,000 walikimbia, wengi kuelekea Gisenyi. Sehemu kubwa ya maduka ilikwenda, na kipande cha uwanja wa ndege kikafunikwa. Wengi walisema Goma imekufa. Lakini baada ya siku chache watu walirudi, na mawe yakiwa bado yanatoa joto, kila mtu akaanza kutafuta alama ya kiwanja chake. Hapo beta libanga iliacha kuwa wimbo. Vijana walinunua nyundo, wakavunja mawe meusi. Mawe yaliyobomoa nyumba yakawa msingi wa nyumba mpya, ukuta wa kiwanja, changarawe ya barabara. Manjanja yaliyopona yakapigwa nyundo mpaka yakanyooka, yakafunika nyumba za mbao. Ukitembea leo mjini, kuta nyeusi unazoziona ni volkano ile ile iliyogeuzwa kazi. Na mwaka 2021, tarehe 22 Mei, moto uliposhuka tena na kufikia Buhene, watu hawakuuliza tena la kufanya na mawe.

Katika miaka hiyo hiyo soko la vitu vilivyotumika limekua sana. Nguo za Ulaya na Marekani zinafika katika balo. Wenzetu wa Kigali wanaziita chaguwa. Fundi wa cherehani anazipunguza, anageuza koti la baba kuwa sare ya mtoto, na vipande vya kitenge vinavyobaki mama anavishona pamoja kuwa shuka. Kordonye anakata kandambili katika mpira wa gari. Kwado anaziba mpira ule ule mara kumi. Na Birere, kijana anafungua simu iliyokufa nchi ya mbali, anaifufua kwa waya wa moto.

Hapo kuna jambo la kutufanya tukae kimya kidogo. Ndani ya simu ile kuna madini yanayochimbwa nchi kama yetu: koltani ya aina inayotoka Rubaya, teritware ya Masisi, na bati linalounganisha vyuma vyake, ambalo hutoka katika kasiteriti kama ile ya Bisie, Walikale. Madini yanatoka kwetu kwa gunia, yanazunguka dunia, yanarudi kwetu katika simu ambayo mtu mwingine amechoka nayo. Sehemu ya kazi tunayoachiwa ni ile ya mwisho, kuitengeneza.

Sasa tufike karibu. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23. Mwezi wa Februari kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, na familia zikashika njia tena. Walibeba nini? Bashi iliyokunjwa, fito, sufuria, bidoni, mbabula. Yaani walibeba vitu ambavyo tayari vilikuwa na viraka. Banki zilifungwa, pesa mpya haikuingia, na hata noti za franga zilizochanika zikapata mafundi wa kuzibandika. Tumefika mahali ambapo pesa yenyewe inatiwa kiraka.

Basi tuseme nini juu ya historia hii? Neno la kwanza ni kwa ndugu zetu waliohama. Kiraka si aibu. Mtu akikucheka kwa sababu mlango wako ni kopo la mafuta, mwambie kwamba Goma nzima imejengwa namna hiyo. Na ufundi ni mzigo ambao hakuna mtu wa barabarani anayeweza kukunyang'anya. Kama una mtoto aliyekosa shule mwaka huu, mweke karibu na fundi, hata saa mbili kwa siku. Wasichana pia. Kulehemu redio hakuhitaji nguvu, kunahitaji macho na subira.

Pamoja na hilo, tusisahau kwamba si kila kitu kinafaa kurudishwa jikoni. Risasi ya betri za gari ni sumu. Isiyeyushwe karibu na watoto, wala isizibe sufuria. Bidoni iliyokuwa na dawa ya mashamba isitiwe maji ya kunywa, hata ukiiosha mara saba. Na mbabula iwekwe nje ao mahali penye hewa. Moshi wake usioonekana umeua familia zilizofunga mlango wakati wa baridi.

Neno la pili ni kwa wenye mamlaka, wa upande wowote, na kwa mashirika. Kuna hatari katika kutusifu. Mara nyingi tunasikia kwamba wakongomani wanajua kujitafutia, wana moyo mgumu, hawafi. Sifa hiyo ni tamu, lakini ni jibu lile lile la Bakwanga, limevalishwa nguo mpya. Fundi aliyetengeneza chukudu hakusema barabara haina haja ya kutengenezwa. Mama aliyeshona bashi yake hakusema hataki nyumba. Kama mnataka kweli kusaidia, msilete tu bashi nyingine. Leteni nyundo, misumeno, cherehani, mkasi wa kukata manjanja, na mahali salama pa kufanyia kazi. Msimtoze kodi mara nne kwa siku kijana mwenye meza moja ya kutengeneza simu. Na mwacheni mtu akae mahali pamoja muda wa kutosha ili kile alichokitengeneza kikae pia.

Miaka zaidi ya 60 imepita tangu watu waliokimbia waambiwe wajitafutie. Walijitafutia, na watoto wao, na wajukuu wao. Upande wetu wa Kifungu cha 15 tumeutimiza. Vile vifungu vingine, vilivyoandikwa kwa wino katika katiba, juu ya usalama, barabara, shule na nyumba, bado vinangoja fundi wao.