Njia ya Mgonjwa wa Akili: Kutoka Gatumba hadi Kamenge

Wahenga walinena: mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii yahusu zaidi maradhi ya akili, ambayo aghalabu jamaa huyaficha kwa kuona haya. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi ilivyofunguka njia ya kumfikisha mgonjwa wa namna hiyo kwa daktari bingwa, tukiutazama hasa mji wa Gatumba, ulio kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo.

Zamani za ukoloni njia hiyo haikuanzia kwa tabibu. Aliyerukwa na akili aliuguzwa na ndugu na waganga. Alipowashinda, mara nyingi alipelekwa kwa wenye amri. Mwaka 1905 wamisionari wa Kijerumani walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Burundi nayo ilikuwamo katika koloni lile lile, lakini Lutindi ilikuwa mbali mno. Waingereza wakafungua Mathari, Nairobi, mwaka 1910. Shabaha ya serikali za siku zile ilikuwa kumtenga mgonjwa kuliko kumponya.

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, mabadiliko yaliletwa na watawa wa Kikatoliki wa shirika la Frères de la Charité, lililoanzishwa mjini Ghent mwaka 1807. Hospitali yao ya Ndera, karibu na Kigali, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Ile ya Kamenge, mjini Bujumbura, ikafuata mwaka 1981. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1975, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoshauri kwamba huduma ya kwanza ya akili itolewe na matabibu wa kawaida, naye bingwa awe mwalimu na mshauri wao.

Je, tabibu wa kawaida ana kazi gani? Kwanza huchunguza mwili, kwani malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo huweza kumfanya mtu apayuke. Pili huuliza juu ya usingizi, chakula, na kama mgonjwa ana nia ya kujidhuru. Kisha huandika barua ya rufaa, akieleza maradhi yalivyoanza, dawa zilizotolewa, na jambo analotaka lipimwe. Bingwa naye yampasa kujibu, ili mgonjwa arudipo kwao apate wa kumwangalia.

Hapo ndipo sisi walimu wa lugha tunapohusika. Huko Gatumba mgonjwa husema Kirundi au Kiswahili, na barua aghalabu huandikwa kwa Kifaransa. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi iliyokuwa hapo. Jeraha la mwili huonekana. Lakini aliyenusurika, naye halali kwa kusikia tena milio ya bunduki, atajielezaje? Kirundi kina neno ihahamuka kwa mshtuko huo. Kiswahili cha mitaani humwita kila mgonjwa kichaa. Neno hilo likiingia baruani, bingwa hupokea tusi badala ya habari.

Hatuna budi, basi, kuwazoeza wanafunzi wetu kupambanua huzuni, hofu, mshtuko, sonona na wazimu. Kabla ya tabibu kuandika, mgonjwa au jamaa yake hana budi kusema. Naye atasema kwa maneno aliyofunzwa.