Filimbi ya Waborana na Ndege wa Asali

Waborana wa kaskazini ya Kenya wamerithi mlio wa kumwita mlembe, ndege aongozaye watu kwenye asali. Mlio huo, uitwao fuulido, hupulizwa katika ngumi zilizofumbatwa, gamba la konokono, au tunda la mkoma lililokombwa ndani. Nao husikika umbali upitao kilometa 1.

Mwaka 1989 Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walithibitisha kitaalamu manufaa ya urafiki huo. Katika nchi ngeni, warina asali wasioongozwa walitafuta kiota cha nyuki kwa wastani wa saa 8.9, walioongozwa, saa 3.2. Mtu hupata asali, ndege hupata nta.

Kijana asipofundishwa mlio huu, mlembe atamwongoza nani?